Nionyeshe Daraja Kwanza

Binti alipoingia duka la kwanza Kariakoo na kusema anataka GPS ya gari, muuzaji alimwekea juu ya kaunta kidude cheusi, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, chenye nyaya na kijitundu cha laini ya simu. Alikaribia kukilipia. Swali moja ndilo lililomwokoa: "Kioo chake kiko wapi?" Hakikuwa na kioo. Kile kilikuwa cha kufuatilia gari, ndugu wa vile vinavyofungwa kwenye mabasi ya mikoani. Hupokea mawimbi ya setilaiti, kikajua kilipo, kisha kikapeleka habari hiyo kwa mtu aliyekaa mbali. Yeye alitaka kinyume chake: kifaa cha kumwambia dereva mwenyewe apite wapi, kisimwambie mtu mwingine yeyote. Kwetu vyote viwili vinaitwa GPS, na ndiyo maana mtu anaweza kurudi nyumbani na kisicho chake.

Binti ni mnunuzi wa asali. Ana gari dogo la mtumba kutoka Japani, na kuanzia msimu huu atakuwa akitoka Morogoro kwenda Sikonge, mkoani Tabora, na mzigo ukipungua asogee hadi Inyonga, mkoani Katavi. Huko hana mwenyeji kila kijiji. Aliniomba ushauri. Nikaona ushauri wa mtu mmoja hautoshi, nikawaomba watu watatu tukutane Jumamosi kwenye gereji moja ya Kihonda, chini ya mwarobaini. Majina yao nayaacha, nitawaita kwa kazi zao. Dereva ni mzee wa malori ya Tunduma na Lubumbashi. Fundi ndiye mwenye gereji, anashughulika na umeme wa magari. Mpima ni mama aliyestaafu kazi ya upimaji ardhi. Binti alikuja na daftari.

BINTI: Shikamooni. Kabla hamjaanza, nisaidieni hili. Gari lenyewe limekuja na skrini ya navigesheni. Kwa nini nisitumie hiyo hiyo?

FUNDI: Dada, swali hilo naulizwa kila wiki. Skrini ile ilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa Japani. Ramani iliyomo, iwe kwenye kadi au kwenye diski, ni ya Japani tupu. Hata redio yake ya zamani inaanzia 76 na kuishia 90, ndiyo maana stesheni zetu nyingi huzipati. Na betri ikishachomolewa safarini, nyingine zinajifunga. Zinadai namba ya siri, au zinadai kadi ya ramani ambayo mtu alishaichomoa zamani. Usitupe hela yako pale. Na mimi nakuambia ukweli, hata hiyo GPS usinunue. Simu uliyoishika inatosha.

DEREVA: Inatosha kwa safari ya Kihonda na Msamvu.

FUNDI: Mzee wangu, simu inapokea setilaiti kama kifaa chochote. Watu wanadhani inataka bando. Haitaki. Kinachotaka bando ni kushusha ramani, na ramani unaishusha hapa mjini mara moja, unaibeba. Kuna programu za bure kabisa, Organic Maps kwa mfano, unapakua Tanzania nzima kwenye simu, unazima data, unakwenda mpaka Katavi. Hata ya Google inakuruhusu kuhifadhi eneo ukalitumia bila mtandao.

DEREVA: Na jua? Mimi nimeona simu ya kijana wangu imewekwa kwenye dashibodi saa nane mchana, tumetoka Manyoni. Ikaandika kwamba imepata joto, ikajizima. Kijana akaanza kuipepea kwa leseni. Simu hiyo hiyo ndiyo anayopigiwa na tajiri, ndiyo yenye hela zake, ndimo anamochungulia ujumbe wa mke. Ukiiweka kwenye kioo, kila inapolia ramani inaondoka mbele ya macho, na pengine ndipo kona ilipo. Na foleni ya jioni, dirisha likiwa wazi, mkono mmoja tu unaingia. Ukishaibiwa simu njiani umeibiwa ramani, umeibiwa na nauli.

FUNDI: Hiyo ni hoja ya kununua kishikio kizuri na kuwasha kiyoyozi.

DEREVA: Gari la asali litawashiwa kiyoyozi mpaka Inyonga, na mafuta analipa nani?

Hapa niliingilia, kwa sababu nilitaka jambo la Fundi lisipotee. Yuko sahihi kwenye mzizi wake. Kwa anayeishi Dar es Salaam au Nairobi na safari zake zote ni za mjini, simu ni bora kuliko kifaa chochote cha pembeni, kwa kuwa inaona foleni na inajua barabara iliyofungwa asubuhi hii. Google walipoanza kuonyesha njia bure kwa sauti kwenye simu mwishoni mwa 2009, biashara ya vifaa hivi iliyumba duniani kote, na haikuyumba bure. Lakini simu inaijua foleni kwa sababu iko hewani. Porini, ikikosa mtandao, inabaki na kile ulichoipa kabla ya kuondoka, sawasawa na kifaa. Pale ndipo mambo ya joto, ya betri na ya kazi kugongana yanapopata uzito. Kifaa kilichotengenezwa kukaa kwenye kioo cha mbele kina mwanga wa kusomeka juani, kina sauti ya kusikika juu ya mngurumo wa changarawe, na hakipigiwi na mtu.

MPIMA: Mmemaliza?

DEREVA: Karibu, mama.

MPIMA: Nawasikiliza mnagombania sikio. Simu ni sikio, na hicho kifaa ni sikio. Vyote vinasikiliza setilaiti zile zile, kilomita elfu 20 na ushei juu ya vichwa vyetu. Kila setilaiti inasema saa ngapi imetuma neno lake. Sikio linapima neno limechelewa kiasi gani kufika, na kwa setilaiti nne linajua liko wapi. Mwanga unakwenda kilomita laki 3 kwa sekunde, kwa hiyo saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umeshakosa mita 300. Hesabu hiyo wameshaishinda. Mimi nilianza kutumia vifaa hivi miaka ya tisini, wakati Wamarekani walikuwa wanaharibu mawimbi kwa makusudi ili raia wasipate usahihi wa jeshi. Tulikuwa tunakosea hata mita 100. Mei 2000 wakaacha, na asubuhi yake kifaa kile kile kikawa kizuri mara kumi. Leo kuna na za Warusi, za Ulaya, za Wachina, na kifaa cha kawaida kinasikiliza mbili tatu kwa pamoja. Mahali pa wazi, simu ya kawaida inakosea kama mita 5. Basi sikio si shida tena. Swali ni hili: likishajua liko digrii ngapi, linapatafsiri vipi? Barabara ile, mto ule, daraja lile, nani kamwambia? Ni ramani. Na ramani kaichora mtu, mwaka fulani, akiwa na haraka au akiwa na makini.

BINTI: Kwa hiyo nisiulize GPS gani, niulize ramani gani.

MPIMA: Uliza ramani gani, ya mwaka gani, na ikikosea inarekebishwa na nani.

Niliwasimulia yaliyonipata, kwa maana yanaangukia hapo hapo. Nilikuwa natoka Gairo kwenda Mikumi, mwezi Machi, mvua za masika zimeanza kukaza. Kifaa nilikinunua mkononi mwa mtu, nikakiwasha, nikakifuata. Nilipofika Dumila kikaniambia nikate kulia nielekee Kilosa, badala ya kuniacha nishuke Morogoro kwa lami kisha nigeuze. Kwenye karatasi ni kweli, unakata pembe na kuokoa kilomita nyingi. Nilipita Kilosa, jua likazama. Mbele taa za gari zikamulika maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita juu ya mahali palipokuwa na kalavati. Tawi la mti lilipita taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, likafuatiwa na ndala moja ya bluu. Nilitazama kioo. Mstari wa zambarau ulivuka pale pale, umenyooka kama rula, na sauti ya mwanamke ikaniambia kwa Kiingereza niendelee mbele kilomita 31. Ng'ambo alisimama kijana na baiskeli, akanipungia mkono wa kunirudisha. Nikarudi kulala Kilosa.

Nilikilaumu kifaa kwa miezi. Baadaye Fundi huyu huyu alikifungua akanionyesha mpangilio mmoja ndani yake. Mwenye nacho wa kwanza alikuwa ameweka "njia fupi". Upo mwingine unaoitwa "njia ya haraka", na upo wa kuepuka barabara zisizo na lami. Yote mitatu ilikuwepo siku ile. Nilikuwa nimekabidhiwa uamuzi wa mtu mwingine bila kujua.

DEREVA: Hapo pa vumbi usimdanganye binti. Ukiweka "epuka vumbi" moja kwa moja, kikifika Sikonge kitagoma kukupeleka kijijini, au kitakuzungusha mpaka ushangae. Mimi naiwasha mpaka mwisho wa lami, halafu naizima kwa mkono. Na kabla sijaizima nauliza mtu. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa, hata ramani iwe ya jana haikusaidii.

BINTI: Baba, wewe unatumia nini hasa?

DEREVA: Natumia cha pembeni, mwaka wa tisa huu. Kina alama zangu mwenyewe, na hiyo ndiyo mali. Sheli yenye dizeli safi nimeiweka. Mahali pa kulala penye mlinzi nimepaweka. Kona ya mlima ambapo lori lilinifia breki nimeiweka, naandika "gia ndogo". Toka Dar mpaka Kasumbalesa, mpaka Lubumbashi, nina alama zaidi ya mia mbili. Na Kongo unahama upande, huku na Zambia tunapita kushoto, kule unapita kulia. Usiku, umechoka, umevuka mpaka, ukiingia kipilefti chao unataka mtu wa kukukumbusha. Ramani nzuri inakuchorea mshale unavyozunguka kule.

FUNDI: Ila kuna vile vya malori vinavyotangazwa kwamba unaingiza urefu na uzito wa gari, kinakuepusha na daraja fupi.

DEREVA: Ninacho kimoja cha hivyo. Kwetu huku takwimu hizo hazijaingizwa kwenye ramani barabara nyingi. Kinakuuliza uzito wako kwa heshima zote, halafu kinakupitisha popote. Usilipie kitu ambacho ramani yake haina.

Mama Mpima alicheka kwa sauti, akampiga Dereva begani. Neno lake lilikuwa limerudi kwa mdomo wa mtu mwingine.

Tukaingia kwenye ununuzi wenyewe, na hapo Fundi ndiye mwalimu. Alitoa kwenye kabati boksi la viatu lenye vifaa saba vya wateja, vingi vya mtumba kutoka Ulaya na vingine vya Dubai.

FUNDI: Hiki ni cha Dubai, ramani ya Ghuba. Hiki ni cha Ulaya. Ukikiwasha hapa kinakuchora kagari katikati ya ukurasa mtupu. Kampuni zenyewe, Garmin na TomTom ndizo kubwa, zinauza ramani kwa kanda. Kabla hujatoa hela, fungua sehemu ya ramani usome imeandikwa nchi gani na mwaka gani. Ikikosekana Tanzania, bei ya kifaa si bei ya kifaa, ongeza na ya ramani. Sasa tazama hiki.

Alikichomeka. Kikawaka, kikatafuta, kikapata setilaiti. Kwenye kona ya kioo tarehe ikasoma karibu miaka 20 nyuma.

BINTI: Saa imekosea.

FUNDI: Imekosea kwa hesabu. GPS inahesabu wiki, na hesabu ya zamani inafika wiki 1,024 halafu inarudi sifuri. Ilirudi Agosti 1999, ikarudi tena tarehe 6 Aprili 2019. Kifaa ambacho mtengenezaji hakukipelekea marekebisho kinadhani tumerudi nyuma. Vingine vinaendelea kuonyesha njia ila saa ya kufika ni uongo, vingine havipati setilaiti kabisa. Kwa hiyo cha mtumba, kitoe nje, mahali pa wazi, usubiri. Kama kimetoka nchi ya mbali na kimekaa muda mrefu kimezimwa, kipe robo saa, maana kinakusanya upya orodha ya setilaiti zote, na orodha hiyo inatumwa kwa dakika 12 na nusu. Kisha soma tarehe. Tarehe ikiwa mbaya, mrudishie mwenyewe.

BINTI: Kuna tangazo nimeliona, "ramani za maisha". Si ndiyo mwisho wa shida?

FUNDI: Maisha ya nani, dada? Si yako. Ni maisha ya kifaa, na anayeamua kimekufa ni kampuni. Mwaka 2018 TomTom waliwatangazia wenye vifaa vyao vya zamani kwamba havitapata tena ramani mpya, na baadhi ya watu hao walikuwa wameuziwa kwa neno hilo hilo la maisha. Muulize muuzaji aina hiyo bado inapokea ramani mwaka huu. Akijibu "ndiyo, ndiyo" bila kuifungua, hajui.

Mengine aliyapitia upesi, nami nayapitia upesi. Kioo cha inchi 5 kinatosha gari dogo, kikizidi inchi 7 kinaziba barabara. Waya wa kuchajia unaoingia kwenye tundu la kuwashia sigara uwe umeandikwa volti 12 hadi 24, maana gari dogo ni 12, na siku ukipanda lori ni 24 na waya wa volti 12 utaungua. Betri ya ndani isikushughulishe, ni ya saa moja hivi, na ikianza kuvimba kifuniko kinainuka, usiendelee nayo. Kishikio cha kunyonya kioo hudondoka jua likikaza, kifutie kioo vizuri na usikiache usiku. Kioo cha mbele chenye utando wa madini wa kuzuia joto, au tinti yenye madini, huweza kuzuia mawimbi. Kifaa kikikosa setilaiti ndani ya gari na kuzipata nje, mshuku kioo.

Kuhusu mwendo hakupita upesi, na Dereva hakumwacha apite. Saa ya mwendo ya gari hutengenezwa isome zaidi kidogo ya mwendo halisi, na ukibadili tairi kubwa inadanganya kwa upande mwingine. GPS inapima mwendo wako kutoka juu, bila kuuliza tairi. Katika vijiji vyetu vyenye vibao vya 50, trafiki amekaa na tochi yake chini ya mwembe, tofauti ya kilomita 4 ni faini. Lakini kile kibao kidogo cha mwendo unaoruhusiwa kinachotokea kwenye kioo ni cha ramani, na vijiji vingi havimo. "Soma kibao cha barabarani," Dereva akasema mara mbili. "Cha kioo usikisikilize."

Kisha Binti akafungua daftari akatoa karatasi.

BINTI: Mama, hii nimepewa na afisa nyuki. Ni mahali pa ghala la kukusanyia asali, jirani na Sikonge. Nimejaribu kuingiza kwenye simu ikanipeleka porini.

MPIMA: Soma ulichoingiza.

BINTI: 5.38, halafu 32.46.

MPIMA: Karatasi inasema digrii 5 dakika 38 Kusini, digrii 32 dakika 46 Mashariki. Dakika si desimali, mwanangu. Dakika 60 ndizo digrii moja. Gawa 38 kwa 60, unapata 0.633. Andika 5.633. Ya pili ni 32.767. Kwa vile ulivyoandika, umejitupa kilomita 28 kaskazini na kama 34 magharibi. Na umeweka alama ya Kusini?

BINTI: Mara ya kwanza nilisahau.

MPIMA: Basi mara ya kwanza ulikuwa Sudan Kusini.

Alichukua kalamu akamwandikia hesabu yote pembezoni mwa daftari, taratibu, akimwachia Binti afanye mgawanyo wa pili mwenyewe. Nilimwangalia mama huyu na nikaona uchungu wa kazi yake. Miaka aliyotumia kusimika bikoni kwenye mipaka ya watu ilikuwa pale, kwenye zile desimali tatu.

MPIMA: Na muulize afisa namba hizi amezitoa kwenye kifaa au kwenye ramani ya karatasi. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zilichorwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960, na GPS inatumia msingi mwingine, WGS84. Mahali ni pale pale, namba ni tofauti, na tofauti hiyo huku kwetu inafika mita 300. Nimewahi kusimama juu ya jiwe la mpaka, kifaa mkononi, na ramani ikaniambia niko ng'ambo ya mto. Hakuna aliyekuwa mwongo. Kwa gari, mita 300 za miombo ni kutoiona njia ya kuingilia.

FUNDI: Mama, kwa hiyo unamshauri anunue kipi?

MPIMA: Mimi namshauri kipimo. Achague vitu vitatu anavyovijua kwa macho yake, kimoja kiwe kipya. Mimi nikiuziwa kifaa namwambia muuzaji, nionyeshe daraja la Busisi kwanza. Limefunguliwa Juni 2025, linavuka Ziwa Victoria kutoka Kigongo. Ramani ikinipandisha kivuko, najua umri wake. Mtu wa Dar aulize Ubungo, pale Kijazi palipofunguliwa 2021, kama inaonyesha barabara zinazopishana juu kwa juu au bado inakusubirisha kwenye taa. Wa Nairobi aulize barabara ya juu ya kutoka Mlolongo hadi Westlands, ya 2022, na atazame kama kifaa kinajua kutofautisha aliye juu na aliye chini.

FUNDI: Ninacho kimoja cha kupima.

Alichagua kwenye boksi kifaa cha inchi 5, tarehe yake ikiwa sahihi, chenye mlango wa kadi ya kumbukumbu ubavuni. Ndani kilikuwa na ramani yake ya kiwandani iliyojumuisha Tanzania. Mama akaandika Busisi. Kikachora gari likipanda kivuko.

Fundi hakutetereka. Akatoa kadi ndogo kwenye mfuko wa shati. Alikuwa ameipakia kwa kompyuta ramani ya OpenStreetMap, ile inayochorwa na watu wa kawaida duniani tangu 2004, ambayo hata wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam waliichangia mitaa yao kwa mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015, sehemu zinazofurika maji. Ni ya bure. Ipo na ya kulipia inayotokana na nyayo za wasafiri wa Afrika, Tracks4Africa, nayo huja kwa kadi. Akaichomeka, akazima ramani ya kiwandani.

FUNDI: Sasa uliza ukitakacho.

DEREVA: Mimi ndiye nitakayeuliza. Morogoro, Tabora. Anza na ya zamani.

Nami nina upande, na niuseme wazi hapa. Kwa safari za Binti namshauri kifaa cha pembeni, na sababu yangu si joto wala wizi, ingawa Dereva ana haki. Ni ule mlango wa kadi. Kifaa kinachokubali ramani ya mtengenezaji wake peke yake kinazeeka siku mtengenezaji anapochoka. Chenye mlango, na kinachosoma ramani za watu wengine, kinaendelea kujifunza kwa miaka. Na ramani ya watu wengi ina kasoro zake. Kuna kata imechorwa mpaka kisima, na kuna kata ya pili yake ina mstari mmoja tu unaoishia hewani. Lakini Binti akikuta kosa Inyonga anaweza kulirekebisha mwenyewe akirudi mjini, na mnunuzi atakayemfuata msimu ujao akaliona limenyooka. Simu abaki nayo mfukoni, ramani ile ile ikiwa ndani yake, kwa siku ambayo kifaa kitaanguka.

Fundi alirudisha ramani ya kiwandani. Kikafikiri, kikachora: Dodoma, Manyoni, kikapanda Singida, kikazunguka Nzega, kikashuka Tabora.

DEREVA: Njia ya zamani hiyo. Tulikuwa tunaipita wakati kule kwingine ni matope. Weka kadi.

Akaweka kadi. Dodoma, Manyoni, na pale Manyoni mstari haukupanda. Ulinyooka magharibi kuelekea Itigi, na zile kilomita za kufika zikapungua kwa zaidi ya mia. Dereva alivaa miwani. Akainama karibu na kioo, akaufuata mstari kwa ukucha wa kidole cha shahada, polepole, kama anavyofanya mtu anayesoma orodha ya majina akitafuta la mwanawe.

"Itigi ipo," akasema. "Chaya ipo. Nyahua ipo. Sogeza kidogo."

Fundi akasogeza.

"Hapa wamekosa sheli moja," Dereva akasema. "Binti, andika. Nitakutajia iko upande gani."

Binti alikuwa ameshafungua ukurasa mpya.